Ndege ya vita inayopanda wima: juu ya nini ilipata wanunuzi wachache?

Mwaka wa 1982, katika vita ya visiwa vya Falklands, ndege ndogo za Uingereza zinazoitwa Sea Harrier ziliangusha ndege 20 za Argentina. Hakuna Sea Harrier hata moja iliyoangushwa na ndege ya adui. Televisheni za dunia zilionyesha namna ndege hiyo inavyosimama hewani pahali pamoja, kisha inashuka pole pole juu ya meli kama mtu anayeshuka ngazi. Kwa muuzaji wa silaha, hakuna tangazo linalopita hilo.

Lakini wanunuzi hawakuja. Nje ya Uingereza, Sea Harrier ilinunuliwa na inchi moja tu, India, na India ilikuwa imekwisha kuagiza ndege zake mwaka wa 1979, mbele ya vita. Ukihesabu ukoo mzima wa Harrier, majeshi ya maji yaliyoinunua kutoka nje ni manne: Hispania, India, Italia na Thailand. Marines wa Marekani nao walinunua nyingi, lakini wao ni hesabu ya pekee. Ndege ya Urusi ya aina hiyo, Yak-38, haikuuzwa nje hata moja.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haina manowari ya kubeba ndege, na pwani yake kwenye Bahari ya Atlantiki ni ya kilometa 37 hivi tu. Hata hivyo, habari hii inagusa kila inchi inayonunua silaha kwa feza ya raia. Inaonyesha namna chombo kinachoshangaza watu kinaweza kuwa kizuri kweli, na bado kisifae kwa wengi.

Woga wa kuvunjiwa pisti

Wazo halikuanzia baharini. Lilianzia Ulaya, miaka ya 1950, wakati inchi za Magharibi na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zinatazamana kwa jicho baya. Majenerali walikuwa na woga mmoja: siku ya kwanza ya vita, adui atapiga mabomu kwenye viwanja vyote vya ndege. Ndege inaweza kubaki nzima, iko na mafuta na silaha, lakini bila pisti ni sawa na gari bila barabara. Watu wa Goma wanaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilifunika sehemu ya pisti ya uwanja wa ndege, na kwa miaka mingi ndege kubwa zilikosa urefu wa kutosha.

Jibu la mafundi wa Uingereza lilikuwa injini ya pekee, Pegasus. Injini ya kawaida inatoa moto nyuma tu. Pegasus iko na midomo minne inayozunguka, miwili kila upande. Rubani akielekeza midomo chini, ndege inanyanyuka. Akiigeuza nyuma pole pole, ndege inaenda mbele. Oktoba 1960, ndege ya majaribio P.1127 ilinyanyuka mara ya kwanza ikiwa imefungwa kamba isiyumbe. Mwaka wa 1969 mtoto wake, Harrier, aliingia katika jeshi la anga la Uingereza.

Wengine pia walijaribu. Ufaransa ilitengeneza Mirage III V, Ujerumani ya Magharibi ikajaribu mifano yake. Waingereza wenyewe walikuwa wanatayarisha ndege ya pili, P.1154, ya kupita mwendo wa sauti. Serikali ya London iliifuta mwaka wa 1965, na zile za Ufaransa na Ujerumani ziliishia kwenye majaribio. Katika Magharibi, Harrier ilibaki peke yake.

Bahari iliingia baadaye, na iliingia juu ya ukosefu wa feza. Mwaka wa 1966 Uingereza ilifuta mradi wa kujenga manowari kubwa mpya ya kubeba ndege. Ilipojenga tena, ilijenga ndogo, ya aina ya Invincible, ya tani 20,000 hivi. Ndege za vita za kawaida hazikuweza kuruka kwenye meli fupi vile. Harrier iliweza. Ndiyo ilizaa Sea Harrier, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1978.

Hapo njo penye mzizi wa jambo lote. Sea Harrier haikutengenezwa juu ilikuwa bora kupita ndege zote. Ilitengenezwa kwa jeshi lililokuwa limepoteza meli yake kubwa na lilitaka kubaki na ndege baharini. Kupata mnunuzi, ilibidi kupata inchi nyingine yenye shida ile ile.

Hesabu ya kilo

Kupanda wima ni hesabu ya uzito, na hesabu hiyo haina huruma. Kila kilo ya ndege lazima ibebwe na injini peke yake, bila msaada wa mabawa.

Injini ya Sea Harrier ilisukuma kwa nguvu ya karibu tani 9.7. Ndege yenyewe ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa tani 6 na kitu. Mafuta ya ndani yakijazwa yalikuwa tani 2 na zaidi. Kinachobaki ni kama tani moja. Ndani ya tani hiyo lazima aingie rubani, kombora, bomu, na pia nguvu kidogo ya akiba, kwa sababu injini isiyo na akiba ikikohoa mara moja tu ndege inaanguka. Lakini uzito wa juu kabisa ambao ndege hiyo iliweza kuruka nao ni karibu tani 12. Kwa maneno mengine, ikipanda wima ilipaswa kuacha mzigo mwingi chini.

Kwa hiyo, kumbe, ndege inayosifiwa kwa kupanda wima ilikuwa inakwepa kupanda wima kazini. Ilikimbia kidogo kwanza, mabawa yasaidie. Afisa mmoja wa jeshi la maji la Uingereza, Doug Taylor, alileta wazo rahisi: kuinua ncha ya mbele ya meli kama kilima kidogo. Ndege inakimbia, inapanda kilima, inatupwa juu, na inabeba mzigo mkubwa zaidi. Wazo hilo liliokoa Sea Harrier. Kushuka tu njo kulibaki wima.

Na kushuka wima pia kulikuwa na deni lake. Rubani aliyeondoka na makombora ya bei kali na hakuyatumia, lazima arudi nayo. Kama ndege ni nzito kupita nguvu ya injini, anatupa silaha ndani ya bahari ili aweze kutua.

Joto linaongeza shida. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inapata kitu kidogo cha kusukuma. Ni sababu ile ile inayofanya ndege kubeba mzigo mdogo saa sita ya mchana, hasa kwenye viwanja vya milimani kama Kavumu karibu na Bukavu. Pegasus ilisaidiwa kwa maji: tanki ya kilo kama 227 yaliyonyunyiziwa ndani ya injini ili isipate moto kupita kipimo. Maji hayo yalitosha kwa dakika moja na nusu hivi. Rubani akichelewa kutua, yamekwisha.

Shida hiyo haikuwa ya vitabuni tu. Mwaka wa 2002 Uingereza ilitangaza kwamba itastaafisha Sea Harrier zake mbele ya wakati, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa hiyo: kwenye joto kali, kama la Ghuba ya Uajemi, ndege haikuweza kurudi melini na silaha zake. Ya mwisho katika jeshi la Uingereza ilistaafu mwaka wa 2006. Sasa fikiria mnunuzi wa Asia, Afrika au Amerika ya Kusini. Inchi nyingi ambazo zingeweza kununua ziko kwenye joto.

Soko lililobanwa katikati

Hata ingekuwa nyepesi na yenye nguvu, swali la pili lilibaki: nani alikuwa na meli ya kuiweka?

Juu kabisa kulikuwa na wenye meli kubwa. Marekani na Ufaransa walikuwa na katapulti, mashine ya mvuke inayorusha ndege nzito kutoka melini, na kamba za chuma za kuikamata inaporudi. Kwao, ndege ya kawaida ilibeba mzigo zaidi, ilienda mbali zaidi na ilikimbia zaidi. Harrier haikupita mwendo wa sauti ikiruka sawasawa, na wakati huo MiG-21 na Mirage III zilikuwa zinafika mara mbili ya mwendo huo. Jeshi la maji la Marekani lilinunua ndege zake za kawaida. Ni Marines tu waliotaka Harrier, ili waitue karibu na askari wao wa nchi kavu na kwenye meli zao za kushusha askari.

Chini kabisa kulikuwa na inchi nyingi zisizo na manowari ya kubeba ndege, na zisizo na mpango wa kuwa nayo. Kwao uwanja wa kawaida ulitosha. Zaire ya wakati wa Mobutu, iliponunua ndege za vita miaka ya 1970, ilichukua Mirage 5 za Ufaransa. Kwa jeshi lenye pisti ndefu, kulipia uwezo wa kutua wima ni sawa na kulipia mashua kijijini kusiko na ziwa.

Katikati walibaki wachache: inchi zenye meli ndogo au ya zamani. Na hata hao walikuwa na chaguo jingine, Skyhawk ya Marekani, ndege ya kawaida, nyepesi na ya bei nafuu, iliyoweza kuruka kwa katapulti za meli za zamani na pia kwenye uwanja wowote wa nchi kavu. Skyhawk karibu 3,000 zilitengenezwa. Harrier za aina zote, kutoka ile ya majaribio mpaka ya mwisho, ni kama 800.

Argentina ni mfano mzuri. Mwaka wa 1969 ilipokea manowari yake 25 de Mayo kutoka Uholanzi, na Waingereza walitua Harrier juu yake kuonyesha namna inavyofanya. Argentina iliangalia, kisha ikachukua Skyhawk. Miaka 13 baadaye, tarehe 2 Mei 1982, manowari hiyo ilikuwa tayari kurusha Skyhawk zake kupiga meli za Uingereza. Upepo ulikuwa mdogo mno siku hiyo, na bila upepo katapulti ya zamani haikuweza kurusha ndege zenye mabomu. Shambulio likaachwa. Ingekuwa Harrier, upepo haungezuia.

Kwa hiyo vita ile ilitoa sababu nzuri ya kununua Harrier. Lakini ilitoa pia sababu ya kuogopa. Manowari Hermes na Invincible zilipaswa kukaa mbali mashariki, zisifikiwe na makombora Exocet. Sea Harrier zikatumia mafuta mengi njiani na kubaki juu ya visiwa kwa muda mfupi. Meli ndogo haikuweza pia kubeba ndege kubwa yenye rada ya kuangalia mbali, na Waingereza walipoteza meli kadhaa, pamoja na Sheffield iliyopigwa tarehe 4 Mei. Makamanda wa majeshi mengine walisoma kurasa zote mbili za habari hiyo.

Australia njo ilikaribia zaidi. Februari 1982 serikali yake ilitangaza kununua manowari Invincible yenyewe. Vita ikaanza, Uingereza ikaona inahitaji meli yake, mpango ukaachwa. Mwaka wa 1983 serikali mpya ya Australia iliamua kutokuwa tena na manowari ya kubeba ndege. Meli ikikosekana, hata ndege ya kutua wima haina pa kukaa.

Siasa na sheria

Kununua ndege ya vita ni kuingia ndoa na serikali inayoiuza. Hispania ilitaka Harrier mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini uhusiano wa London na utawala wa Jenerali Franco ulikuwa mbaya. Ndege za Uingereza zikapitia Marekani: Washington iliagiza, kisha Hispania ikapokea kutoka huko mwaka wa 1976.

China nayo ilizungumza na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 juu ya kununua Harrier. Umoja wa Kisovieti ulikasirika, na mwaka wa 1979 China ikaingia vitani na Vietnam. Hakuna ndege iliyouzwa.

Italia ilikuwa na kizuizi cha nyumbani. Sheria ya zamani, ya mbele ya Vita vya Pili vya Dunia, ilisema ndege zote zenye mabawa ni za jeshi la anga. Jeshi la maji libaki na helikopta. Manowari Giuseppe Garibaldi iliingia kazini mwaka wa 1985, iko na kilima chake cha mbele, lakini bila ndege ya kukipanda. Sheria ilibadilishwa mwaka wa 1989 tu. Wakati Italia ilipoagiza, ilichukua AV-8B, Harrier ya kizazi cha pili iliyotengenezwa na Wamarekani pamoja na Waingereza. Hispania pia ilikuwa imeenda huko. Kwa hiyo hata wanunuzi wachache waliopatikana waligawanyika, na Sea Harrier ya Uingereza ikabaki na India peke yake.

Yak-38: kutoka juu ya meli mpaka macho yanapoishia

Umoja wa Kisovieti ulifuata njia tofauti. Yak-38 iliingia kazini mwaka wa 1976 kwenye manowari za aina ya Kiev. Badala ya injini moja yenye midomo minne, iko na injini tatu: moja kubwa ya kwenda mbele na kusaidia kunyanyua, na mbili ndogo zilizosimama nyuma ya rubani kwa kunyanyua tu. Mara ndege ikishakuwa hewani, injini hizo mbili zinageuka mzigo wa bure.

Matokeo yake ni ndege yenye safari fupi na silaha kidogo. Mwaka wa 1979 manowari Minsk ilizunguka Afrika ikienda Bahari ya Pasifiki, na kwenye joto la kitropiki Yak-38 zilipata taabu kubwa ya kunyanyuka. Mafundi waliweka kiti kinachomtupa rubani nje chenyewe, bila kumsubiri avute mshipi, kwa sababu injini moja ya kunyanyua ikizima ndege inapinduka kabla mtu hajafikiri. Kiti hicho kiliokoa wengi, lakini mnunuzi anayesikia kwamba kiti kama hicho ni cha lazima, anajiuliza mengine. Zaidi ya 200 zilitengenezwa, zote zikabaki kwa Wasovieti. Ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na dola lenyewe. Mrithi wake, Yak-141, alikuwa anapita mwendo wa sauti, lakini feza ilikwisha mbele ya kuingia kazini.

Rubani mwenye mikono mitatu

Kuna bei nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba. Rubani wa Harrier alikuwa na kazi ya mtu wawili wakati wa kutua: mkono mmoja kwa usukani, mwingine kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini na pia kwa kugeuza midomo. Mbele ya kusimama hewani kuna sekunde ambazo mabawa yameacha kubeba na injini haijabeba yote. Upepo wa ubavu kwenye sekunde hizo unaweza kupindua ndege.

Marines wa Marekani waliona bei hiyo wazi. Gazeti Los Angeles Times lilichunguza ajali za Harrier na kuhesabu Marines 45 waliokufa nje ya mapigano. Kama jeshi tajiri kuliko yote lilipoteza watu hivyo, jeshi dogo lilipaswa kujiuliza lina marubani wangapi wa kupoteza, na lina walimu wangapi wa kufundisha wengine.

India na Thailand: njia mbili za kununua

India ilikuwa na sababu ya kweli. Manowari yake Vikrant ilikuwa ya zamani na fupi, na ndege za kisasa za kawaida hazikuweza kuruka juu yake. Sea Harrier za kwanza zilifika Goa mwishoni mwa mwaka wa 1983. Baadaye India ilinunua pia manowari Hermes, ile ile ya vita ya Falklands, ikaiita Viraat. Kwa jumla ilipata ndege kama 30, pamoja na zile za mafunzo.

India ilitumia ndege hizo kwa miaka 33, ikabadilisha rada na kuweka makombora mapya kutoka Israeli. Lakini zaidi ya nusu ya ndege zake zilipotea kwa ajali. Hakukuwa tena na kiwanda cha kutengeneza nyingine, kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache. Sea Harrier za Uingereza zilipostaafu mwaka wa 2006, India ilizitazama, lakini zingekuja bila rada na makombora yake ya kisasa, na mpango ukaachwa. Mwaka wa 2016 za mwisho zilistaafu. Leo India inarusha MiG-29K, ndege ya kawaida inayopanda kilima cha meli na kukamatwa kwa kamba. Moja ya meli zinazozibeba, Vikramaditya, ni ndugu wa Kiev iliyokuwa inabeba Yak-38. Warusi waliijenga upya kwa India.

Thailand ilinunua kwa namna nyingine. Mwaka wa 1997 ilipokea manowari mpya kutoka Hispania, Chakri Naruebet, na pamoja nayo Harrier 9 ambazo Hispania ilikuwa imekwisha kutumia kwa miaka 20. Mwaka huo huo sarafu ya Thailand ilianguka na mgogoro wa feza ukaenea Asia. Feza ya mafuta, ya mazoezi na ya vipuri ikakosekana. Vipuri vyenyewe vilikuwa vigumu kupata, maana wengine walikuwa wamekwisha kuacha Harrier za kizazi hicho. Miaka miwili baadaye, iliripotiwa kwamba ni ndege moja tu iliyokuwa inaweza kuruka. Mwaka wa 2006 zote zilistaafishwa. Manowari ingali iko, inabeba helikopta, na imesaidia watu wakati wa misiba ya maji kama tsunami ya 2004. Ni kazi nzuri, lakini si ile iliyonunuliwa kufanya.

Tofauti ya India na Thailand si ndege. Wote wawili walikuwa na Harrier. India ilikuwa na mafundi, marubani wa kufundisha wengine, na bajeti ya kila mwaka iliyoendelea hata wakati magazeti yalikuwa yamesahau. Na hata hivyo ililipa bei ya ajali. Thailand ililipa bei ya dukani, ikashindwa na bei ya kuendesha.

Leo hali ikoje?

Ndege ya kutua wima haikufa. F-35B ya Marekani inapita mwendo wa sauti, na kompyuta inafanya kazi nyingi iliyokuwa inaua marubani wa Harrier. Uingereza na Italia wanaitumia. Japani inageuza meli zake Izumo na Kaga ziipokee, na Singapore, inchi ndogo yenye pisti chache, imeiagiza pia. Singapore haina manowari ya kubeba ndege. Inarudi kwenye woga ule wa kwanza kabisa, wa kuvunjiwa pisti.

Lakini orodha bado ni fupi, na siasa bado inafunga mlango. Uturuki ilijenga meli Anadolu ikifikiri F-35B. Mwaka wa 2019 Marekani iliitoa katika mpango huo, kwa sababu ilinunua makombora ya S-400 ya Urusi. Meli iliingia kazini mwaka wa 2023, na Uturuki ikaamua kuitumia kwa ndege zisizo na rubani. Kwa jeshi la meli ndogo, drone inaanza kuwa jibu ambalo Harrier ilikuwa miaka 40 iliyopita, na bila rubani wa kupoteza.

Harrier za Uingereza zenyewe zilimaliza safari bila sherehe kubwa. Mwaka wa 2010 serikali ilistaafisha zilizobaki. Mwaka wa 2011 ilizipeleka 72 kwa Marines wa Marekani, wengi wao wakizitaka kwa vipuri tu, kipande kwa kipande, ili zao ziendelee kuruka. Mnunuzi wa mwisho wa ndege hiyo hakuinunua ili airushe. Aliinunua kwa sababu hapakuwa tena na duka la misumari yake.

Hilo njo swali ambalo raia wa inchi yoyote anaweza kuuliza serikali yake inapoonyesha silaha mpya kwenye gwaride, hata kama hajui kitu juu ya injini: nani atatengeneza mwaka wa 10, kwa vipuri vya nani, na kwa feza ya mfuko gani? Majeshi mengi yalipoiona Harrier yalipiga makofi, yakauliza swali hilo, kisha yakarudi nyumbani.